Mkoba wa Shubiri

Kila siku baada ya shule, Kengele na Taratibu walipitia karakana ya mjomba wake Kengele. Mjomba alikuwa fundi wa kompyuta, na alikuwa akidondosha skrubu kila anapogeuka. Kazi ya wasichana hao wawili ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni kuziokota. Wakishamaliza, mjomba aliwaruhusu kukaa mbele ya kompyuta ya kona.

Hiyo kompyuta ya kona, acha tu. Mjomba aliiunda kwa viungo vya kompyuta zilizokufa, na kila kiungo kilikuja na tabia yake. Ikiwashwa ilinguruma mpaka mshonaji wa duka la jirani alitoka mbio kuanua nguo, akidhani mvua inakuja. Ikipata moto, paka wa mtaa mzima walikuja kujipanga juu yake. Mjomba aliapa kwamba siku moja alichemshia chai juu ya kifuniko chake, na chai ikaungua. Lakini mchezo iliuendesha, na hilo ndilo lililotakiwa.

Ulikuwa mchezo wa kwenye intaneti, ambamo watu wa kila upande wa dunia hukutana katika nchi ya kubuni yenye ngome, misitu na mazimwi. Kila mchezaji huwa na mhusika wake. Kengele na Taratibu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, walikuwa na mhusika mmoja: mwanamke mganga waliyempa jina la Shubiri.

Shubiri alikuwa na tabia mbili, kutegemea nani ameshika kibodi. Akiwa na Kengele, aliingia vitani akipiga kelele. Msichana huyu hakuitwa Kengele bure: akisema "hamjambo" dukani, waliosimama kituo cha basi waliitikia "hatujambo". Akiwa na Taratibu, Shubiri huyohuyo alizunguka kinamasini akichuma majani ya dawa, moja moja, bila haraka. Taratibu angeweza kula kipande cha mkate mpaka njaa ya kesho ikamkuta hajakimaliza.

"Unaokota takataka gani tena?" Kengele alikuwa akimuuliza.

"Utajua siku ukiumwa," Taratibu alijibu, macho kwenye kioo.

Kila zamu yake ilipokwisha, Taratibu alifanya mambo mawili. Alipanga kila kitu ndani ya mkoba wa Shubiri, kisha akampeleka ukingoni mwa mto na kumkalisha akiyatazama maji.

"Si mtu huyo, shoga yangu. Hachoki!"

"Mwache apumzike. Wewe unamkimbiza mno."

Kwa hiyo Kengele akifungua mchezo, jambo la kwanza kuliona lilikuwa ni Shubiri ameketi kando ya maji, anamngoja.

Kisha mama yake Taratibu, aliyekuwa muuguzi, akahamishiwa hospitali ya mbali. Siku ya kuagana, marafiki hao walisimama mlangoni pa karakana bila kujua mikono waiweke wapi. Hata Kengele alikuwa amepungukiwa sauti.

"Mama amesema kuna maktaba yenye kompyuta huko," Taratibu alisema. "Jumamosi Shubiri atakuwa kwangu, Jumapili kwako. Tutakuwa tunaachiana Shubiri, kama kawaida."

"Kama kawaida."

"Nenosiri ni lilelile. Na mkoba usiuguse, nimeshaupanga."

"Nenda bwana, utachelewa basi. Ukitembea hivyo litaondoka, litafika, na litarudi kukuchukua!"

Walicheka. Kisha Taratibu akaenda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatembea haraka, kwa sababu hakutaka kuonekana analia.

Wiki hiyohiyo, ujumbe ukaingia kwa Shubiri. Ulitoka kwa kikosi cha Wavamizi wa Alasiri.

Katika mchezo ule, kikosi cha uvamizi ni kundi la wachezaji hodari wanaoingia pamoja kwenye ngome ngumu, mahali ambapo mtu peke yake hawezi kuvuka hata kizingiti. Kengele alikuwa akiwaota Wavamizi mpaka darasani. Kiongozi wao alikuwa mwoka mikate aliyeitwa Mama Ngao. Aliamka kuwasha tanuri kabla ya jogoo kuwika, ndiyo maana kikosi chake kilipigana alasiri. Sasa alitaka kuzungumza na mganga Shubiri.

Mjomba alikubali kwa sharti moja. "Sauti itoke kwenye spika, niisikie. Nikisikia neno la hovyo, nachomoa waya."

"Hujambo, Shubiri," sauti nzito ya Mama Ngao ikajaza karakana. "Nimekukagua. Tunahitaji mganga Jumamosi, tunamvamia Malkia wa Buibui. Lakini kikosi changu kina sheria: mhusika mmoja, mtu mmoja. Sitaki leo nicheze na huyu, kesho na yule, nisijue nimemwamini nani. Je, uko peke yako?"

Kengele angeweza kusema ukweli na kungoja. Angeweza kuomba ruhusa ya Taratibu. Lakini Wavamizi walikuwa wakimwita, na mlango kama huo haukai wazi.

"Niko peke yangu," alisema.

Bisibisi ya mjomba ilisimama hewani. Mazungumzo yalipokwisha, aliuliza, "Na mwenzako je?"

"Ameniruhusu, mjomba."

"Sawa," alisema mjomba, akarudi kwenye skrubu zake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini mtoto wa dada yake.

Sasa Kengele alikuwa na tatizo. Jumamosi ilikuwa zamu ya Taratibu. Mchezo ule haukubali watu wawili kumwendesha mhusika mmoja kwa pamoja. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje. Taratibu akiingia katikati ya vita, Kengele angefukuzwa mbele ya kikosi kizima. Basi akabadilisha nenosiri. Jumamosi moja tu, alijiambia. Nitamweleza baadaye.

Siku zilizobaki alijiandaa kama anayekwenda kuoa binti wa mfalme. Alimfanyisha Shubiri mazoezi kwenye masanamu ya mbao mpaka masanamu yakaelekea kumwonea huruma. Alimbadilisha viatu, joho na fimbo. Mwishowe akafungua mkoba. Ulikuwa umejaa, na kila mganga wa kikosi alitakiwa kuwabebea wenzake chupa za nguvu. Kengele alitazama. Robo tatu ya mkoba ilikuwa majani ya kijivu, yaliyonyauka, ambayo hata sokoni hayakuuzika.

"Taratibu na takataka zake," alisema, akayatupa yote. Mahali pake akapanga chupa nyekundu zinazong'aa. Mkoba ukapendeza kama kabati la bibi harusi.

Jumamosi ikafika. Wavamizi waliingia ngomeni, Mama Ngao mbele na ngao yake pana kama meza ya mkate. Kengele aliwaponya waliojeruhiwa kushoto na kulia, mpaka sauti moja kwenye spika ikasema, "Huyu mganga mpya ni moto!" Kengele akahisi kichwa kinagusa dari.

Kisha Malkia wa Buibui akashuka kwenye utando wake na kuwatemea sumu.

"Mganga, majani!" Mama Ngao aliita.

Kengele aliwamwagia chupa nyekundu. Sumu haikutoka.

"Si chupa, binti! Majani ya kinamasi!"

"Majani gani?"

"Ya kijivu! Yaliyojaa kwenye mkoba wako siku nilipokukagua! Huku hakuna mtu mwenye subira ya kuyachuma. Unadhani nilikuchukua kwa ajili ya nini? Kelele?"

Mmoja baada ya mwingine, Wavamizi walianguka. Mama Ngao alikuwa wa mwisho. Shubiri alibaki amesimama katikati yao na mkoba mzuri, kisha naye akaanguka.

Simu ya mjomba ililia juu ya benchi. Mjomba akasikiliza, akaitikia "ndiyo, dada", "hapana, dada", kisha akaja kwenye kona na kumtazama mpwa wake.

"Huyo ni mama yake Taratibu. Anasema mtoto yuko maktaba tangu ilipofunguliwa, anaandika nenosiri na linakataa. Hataki kuondoka. Anasema labda anakosea herufi kwa sababu vidole vyake ni vizito." Mjomba aliweka bisibisi chini. "Anasema kule hajapata rafiki bado. Alikuwa akiingoja Jumamosi."

Kengele alifungua mdomo. Sauti ile iliyokuwa ikifika kituo cha basi haikufika hata kwenye meno. Taratibu hakuwa amemshuku hata kidogo. Alikuwa ameketi kule peke yake, akivilaumu vidole vyake.

"Hakuniruhusu, mjomba," alisema hatimaye. "Sikumuuliza. Nilibadilisha nenosiri." Machozi yakamwagika juu ya kibodi, na mjomba, ambaye kwa kawaida angepiga kelele maji yakikaribia kibodi, alimwacha alie.

"Anza na walioko karibu," alisema, akionyesha spika.

Mama Ngao bado alikuwa hewani. Kengele akamweleza yote: kwamba wako wawili, kwamba majani yalikuwa ya mwenzake, kwamba alimfungia nje.

"Mwanangu," Mama Ngao alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka, "kushindwa tumeshazoea. Malkia ameshatuua mara nyingi, tutarudi. Lakini siwezi kukuweka kikosini. Nilimchukua mganga mwenye subira na mwenye ujasiri, na mtu huyo hayupo. Alikuwa watu wawili, na wewe umeifukuza nusu yake." Akamtoa.

Kisha Kengele akarudisha nenosiri la zamani, lile walilolitunga kwa kuunganisha majina yao, na mjomba akampigia mama yake Taratibu.

"Vidole vyako havina kosa," Kengele alisema. "Ni mimi." Akaeleza, bila kujipunguzia kosa.

"Na majani?" Taratibu aliuliza.

"Niliyatupa."

"Yote?"

"Yote."

Kengele alisikia upande wa pili mtu anavuta pumzi, polepole, kama alivyofanya kila kitu.

"Mama ananiita," Taratibu alisema, akakata.

Mama yake hakuwa amemwita. Ndiye aliyekuwa amemshikia simu hiyohiyo sikioni, na Kengele alijua.

Jumamosi iliyofuata Kengele hakugusa kompyuta. Jumapili alipofungua mchezo, Shubiri alikuwa amesimama palepale mchezo ulipomfufua baada ya vita. Hakuna aliyeingia. Jumapili nyingine ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Kengele alikuwa amenyamaza kiasi kwamba mshonaji wa jirani alikuja kuuliza kama mtoto amehama.

"Nilisema samahani, mjomba," alilalamika siku moja, sumaku mkononi. "Kwa nini harudi?"

Mjomba alivua miwani. "Ukiingia nyumba ya mtu aliyefunga mlango, umevunja kufuli. Kufuli naweza kuitengeneza, ni kazi yangu. Lakini Taratibu hakukufungia chochote. Alikupa nenosiri, akakupa mkoba, akaondoka moyo mweupe. Ulichovunja ni ule uaminifu, nao sina bisibisi yake. Ulisema ukweli, vizuri sana. Usingesema, tusingekuwa hata na pa kuanzia. Lakini kusema ni kuanza tu. Yeye hana deni la kurudi. Wewe ndiye una kazi ya kufanya, aone au asione."

"Kazi gani?"

"Alikuwa akifanya nini kwenye zamu yake?"

Tangu hapo, kila Jumapili, Kengele alimpeleka Shubiri kinamasini. Kuchuma majani kulikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuosha masufuria ya shule nzima. Unainama, unatafuta, unapata moja. Unainama, unatafuta, unapata nyasi. Mara kadhaa alitamani kuirusha kibodi dirishani. Ndipo alipofahamu kile alichokitupa kwa kubonyeza mara moja: ni Taratibu, alasiri moja baada ya nyingine, ameketi hapa na kuinama. Akalia tena, akaendelea kuchuma. Zamu ikiisha, alimkalisha Shubiri kando ya mto. Na kila Jumapili iliyofuata, alimkuta palepale alipomwacha, mkoba haujaguswa.

Hata ikafika Jumapili moja ya mvua, mvua ya kweli safari hii. Kengele aliwasha kompyuta, ikanguruma, paka wakajipanga. Mchezo ukafunguka.

Shubiri alikuwa ameketi ukingoni mwa mto, lakini si mahali alipomwacha yeye. Alikuwa amesogezwa mpaka chini kabisa, karibu na maji, pale alipokuwa akikalishwa zamani.

Kengele alifungua mkoba. Ulikuwa umepangwa, kila kitu mahali pake. Majani yake ya kijivu yalikuwa yamepungua nusu. Hayo mengine yalikuwa yametolewa na kuwekwa pembeni, peke yake.

"Mjomba! Njoo! Haya yametolewa kwa nini?"

Mjomba aliinama juu ya bega lake, akayatazama kwa makini majani yaliyotengwa, kisha akayatazama yale yaliyobaki.

"Kwa sababu hayo si majani ya dawa," alisema. "Ni nyasi, mama."

Hapakuwa na ujumbe. Simu kwenye benchi haikulia siku hiyo. Kengele alifuta uso kwa mkono wa sare yake, akamwinua Shubiri taratibu, akampeleka kinamasini, na safari hii kila jani alilitazama mara mbili kabla ya kulichuma.