Kaza na Goti la Mama

Kila asubuhi, wakati chai ikiwa bado jikoni, Mama alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wa kulia na kumwita binti yake aje amfunge goti. Binti huyo, mwanafunzi wa darasa la sita, wote walimwita Kaza, maana kitu kikishafungwa na mikono yake kukifungua ni kazi nyingine. Viatu vya mdogo wake alivifunga mpaka mtoto akalalamika kuwa vidole vimekosa pa kupumulia. Jirani alipohama, mizigo yake yote ilifungwa na Kaza, na inasemekana jirani huyo ilibidi akate kamba kwa kisu.

Mama alikuwa fundi wa vigae, na kazi hiyo hufanywa kwa magoti. Alitandaza saruji kwa mwiko, akalaza kigae, akakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, akakipima kwa pima maji kama kimelala sawa, kisha akasogea nyuma na kuanza upya. Goti la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, ndipo shangazi yake Kaza akamletea soksi ya goti aliyoivaa yeye zamani alipoteguka, ile nene yenye mikanda ya kunata juu na chini. Shangazi ni mwembamba, Mama mwili wake umejaa. Soksi iligoma kuingia, lakini Kaza si mtu wa kushindwa na soksi.

Wakati huo Mama alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, sakafu ya ukumbi mpya wa shule aliyokuwa akisoma Kaza. Kaza alitembea kifua mbele. Aliwaambia wenzake kwamba siku ya kufungua ukumbi wasikanyage ovyo, maana hiyo ni kazi ya mama yake. Kwa hiyo goti lilipozidi kuuma, aliona ni juu yake kulitengeneza. Alitafuta ukanda wa mpira wa baiskeli, akauzungusha juu ya soksi na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Mama alisema mguu unapata ganzi. Kaza akamjibu kwamba ganzi ni dalili ya soksi kushika vizuri, na Mama, ambaye hakutaka kumvunja moyo, akacheka na kuiacha hata usiku alipolala.

Alasiri moja Kaza alitoka darasani akapitia ukumbini, akamkuta Mama amekaa sakafuni, mkono mmoja ukutani, akijaribu kuinuka. Mguu haukumtii. Unyayo ulikuwa umevimba hata kiatu kimevuliwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amechuchumaa mbele yake, na kwa sauti ya upole alimwambia kwamba asipoweza kupiga magoti ndani ya juma lile, itabidi amtafute fundi mwingine. Mama aliitikia kwa kichwa tu. Kaza alimpa bega aegemee, akamsaidia kuinuka.

Walikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya, kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mmoja mrefu mwenye sauti ya chini. Alikata ule mpira kwa mkasi, akaivua soksi polepole. Ngozi ilikuwa na mifereji miekundu, juu na chini ya goti.

"Nani alikufunga hivi?" aliuliza.

"Nimejifunga mwenyewe," Mama akajibu haraka.

Kaza aliangalia ile mifereji. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza.

"Ni mimi," alisema. "Na aliniambia anapata ganzi, nikakaza zaidi."

Mtaalamu hakumkaripia. Alifungua kabati, akatoa goti la plastiki lenye mifupa na mishipa yake yote, akamwekea Kaza mapajani. Akamwonyesha mfupa mdogo wa mbele unavyoteleza juu na chini kwenye mfereji wake, kano mbili zilizopishana ndani na kuuzuia mguu usichomoke, na vipande viwili laini vilivyolala katikati ili mfupa usisage mfupa. Alimwambia kwamba mtu akishuka ngazi, goti hubeba uzito unaouzidi uzito wa mwili wake wote. Kaza aliweka kiganja kwenye goti lake mwenyewe, akaukunja mguu na kuunyoosha. Kweli kitu kilikuwa kikiteleza mle ndani. Miaka yote amekimbia, ameruka, ameanguka, na kitu hicho kimefanya kazi yake bila kumwambia neno. Mwili ulimsisimka. Alirudia tena na tena, mdomo wazi, mpaka Mama akacheka licha ya maumivu.

Mtaalamu akalipima goti la Mama kwa utepe, akamtafutia soksi ya saizi yake, inayokumbatia bila kubana, ambayo kidole hupita chini ya ukingo wake. Akaagiza ivaliwe wakati wa kazi na kuvuliwa wakati wa kulala, na ganzi au uvimbe ukitokea ivuliwe papo hapo. Lakini soksi, alisema, haiwezi kuzuia ugumu wa saruji. Anayefanya kazi kwa magoti anahitaji pedi nene mbele ya magoti yote mawili, ainuke mara kwa mara, na afanye zoezi la kukaa kitini na kunyoosha mguu ili misuli ya paja ipate nguvu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayolishika goti kuliko kitambaa chochote.

Uvimbe uliisha baada ya mapumziko mafupi, na kabla juma halijakwisha Mama alirudi ukumbini na pedi zake. Kaza alisimama mlangoni, roho mkononi. Mama alishuka taratibu, goti moja, halafu la pili. Akatulia. Kisha akanyoosha mkono kuchukua mwiko, na msimamizi, aliyekuwa akitazama, akaondoka zake; hakuwa tena na haja ya fundi mwingine.

Kaza alimsogelea. Sakafu ilikuwa imenyooka mpaka ukuta wa mbali, kigae kwa kigae, na kazi yote hiyo ilibebwa na kile kifupa kidogo kinachoteleza.

"Ulinifunga kwa mapenzi, nami nikanyamaza kwa mapenzi," Mama alisema, "na nusura sote wawili tuuharibu mguu. Mwanangu, mwili ukisema unaumia, usikilize kwanza, halafu muulize anayeujua. Na ukikosea, sema kama ulivyosema siku ile. Ungenyamaza, mtaalamu asingejua kilichoniumiza, na leo nisingekuwa hapa."

Kisha akamwomba amsogezee kigae kingine.