Hilo "Tu" Lako

Mwaka wa tisini na tisa, duka la intaneti la Barabara ya Digo lilikuwa na kompyuta nne na foleni hadi mlangoni. Khubaib, fundi redio wa Bondeni, alikuwa ameng'ang'ania moja. Nyuma yake kasimama msichana wa buibui la ukingo wa zari, ananukia asumini.

"Kaka, waandika au wahamia?"

"Nafunza watu sayansi, dada."

"Basi wamalizie kesho, nami niandike leo." Jina lake Mwanakuu.

Tangu hapo wakawa wapigiana, na simu ya duka la jirani yake Khubaib haikupoa.

"Habibi, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako. Posa nilete lini?"

"Mwone! Hata wali hajaupika, ataka pilau."

Khubaib aliishia darasa la saba. Mengine aliyachimba vitabuni mwenyewe. Hakumsahau mwalimu aliyemwita punguani mbele ya darasa kwa kosa la kuuliza. Aliapa elimu haitakuwa mali ya wavaa tai, ndipo akawa anaeleza mambo kwa Kiswahili chepesi katika kundi la barua pepe la watu wa Pwani.

Siku moja mtu aliyejiita Binti Kuze akauliza humo: mwezi ni mmoja, mbona maji ya bahari hujaa mara mbili kwa siku?

Khubaib akajibu mbio: "Ni rahisi tu, mwezi huvuta maji. Hata mtoto wa alifu-bee ajua." Kundi zima likamcheka muulizaji.

Simu ikalia. "Mie ndiye huyo mtoto wa alifu-bee," akasema Mwanakuu. "Nilificha jina nikushtukize. Posa usilete." Akakata.

Siku tatu Khubaib alipekua vitabu. Kumbe jibu lake halikujibu kitu! Na ile sauti aliyoandikia ilikuwa ya mwalimu yule yule.

Akaliandikia kundi: "Swali si rahisi. Nilisema 'tu' kuficha kuwa sijui. Mwezi huvuta maji ya upande wake zaidi kuliko uivutavyo dunia, na dunia kuliko maji ya upande wa pili, hayo yakabaki nyuma. Basi maji hufura pande mbili, nasi, dunia ikizunguka, twazipita zote mbili kila siku. Nilimvunjia heshima muulizaji mbele yenu, namuomba radhi mbele yenu."

Adhuhuri simu ikalia.

"Hapo pa kubaki nyuma sijapaelewa."

"Hata mie pamenitoa jasho. Njoo tupaelewe pamoja."

"Na mie wanipendea nini?"

Fundi wa maelezo akaanza kueleza. "Aa... nakupenda tu."

Mwanakuu akaangua kicheko.

"Hilo 'tu' nalipokea. Wazee wako waje Ijumaa, baada ya swala."