Macho ya Bibi Gertruda

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Nasma alikwenda kwenye banda la video la mjomba wake Twaha, pale Kihagara. Jumamosi moja ilionyeshwa sinema ya zamani isiyo na rangi, ya matapeli wawili waliovaa kitajiri. Walibeba kifurushi cha vyombo vilivyovunjika, wakawagonga watu njiani, kisha wakalia kuwa wamevunjiwa vyombo mpaka wakalipwa. Banda zima lilicheka. Nasma alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Jumatatu alifunga vigae vya bakuli kwenye kitambaa, akaenda sokoni. Bibi Gertruda, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akipita na ungo wake. Nasma akamgonga makusudi, akaachia kitambaa.

"Mama yangu! Bakuli la watu!" alilia. "Bibi, hukuniona?"

"Pole, mjukuu wangu. Kweli sikukuona." Bibi aliutua ungo. Akamfungia usipa wengi, akambembeleza anyamaze.

Tangu siku hiyo Bibi Gertruda hakuonekana tena sokoni.

"Anasema macho yamemwisha," mama yake Nasma alieleza wakati wa chakula. "Eti alimgonga mtoto mchana kweupe. Sasa anaogopa kutoka nje. Mwanawe Raimundi anakuja kumchukua akaishi Mbinga."

Nasma akalirudisha tonge sahanini. Akaanza kulia, akasema yote. Mama hakumpiga. Alichukua ushungi wake tu.

"Twende. Utamwambia mwenyewe."

Walimkuta bibi ndani, akitembea huku akipapasa ukuta.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi, Nasma. Macho yako ni mazima. Mimi ndiye niliyekugonga, na bakuli lilivunjikia nyumbani. Niliiga sinema. Naomba unisamehe."

Bibi aliacha kupapasa ukuta. "Nimeshaaga majirani," alisema taratibu. "Nimekusamehe, mwanangu."

Kesho yake Raimundi aliambiwa asije. Nasma alimbebea bibi ungo hadi sokoni. Walipofika penye watu wengi, bibi akasimama ghafla, akanyoosha mkono mbele kama asiyeona.

"Bibi, mbona unaona vizuri?"

"Najua, Nasma. Lakini woga bado haujanitoka. Kwenye sinema, mtu akishatapeliwa hamumwoni tena, ndiyo maana mnacheka. Mimi nilirudi nyumbani, nikakaa na uongo wako. Siku nyingine ukitaka kumdanganya mtu, mfikirie kwanza akiwa peke yake nyumbani kwake."

Nasma aliinamisha kichwa, akampa mkono, wakapita polepole.