Jeni ya Manasseh na Koti la Nyangau

"Mama Linda, mbona saratani inaruka boma zetu zote, inaingia kwako tu?"

Orpah alimuuliza hivyo jirani yake Kemuma mwaka jana, wakipanga foleni ya kupima majani ya chai, huko Marani. Aliuliza kwa huruma. Lakini swali lilimkwama Kemuma kooni kama mwiba wa samaki. Saratani ya ubongo ilimchukua Manasseh, mumewe. Ya mfupa ikamchukua Alfayo, mwanawe wa kwanza, akiwa kidato cha pili. Huenda anayeuliza ndiye ajuaye jibu, Kemuma akawaza. Tangu hapo, ndizi za Orpah alizipokea kwa asante, kisha akamlisha ng'ombe wake.

Sasa binti yake Linda, wa miaka ishirini na sita, alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari wa Kisii alitaka kumpasua. Kemuma akakataa.

"Kwanza Nyangau aje afukue kilichozikwa humu," alisema. Nyangau alikuwa omoriori, mfukuaji wa uchawi. Aliahidi kuja mwisho wa mwezi.

Celestine, nesi wa zahanati, akaja na majibu ya damu ya Linda.

"Mama Linda, mnyapara wa shamba la chai anachuma?"

"Achume wapi. Kazi yake kuamuru tu."

"Basi mwilini kuna jeni kama huyo, wanaiita TP53. Kila chembe ya mwili ina maagizo mengi, kama kitabu. Jeni hii huamuru ukurasa gani usomwe. Chembe ikiharibika, inaiambia: simama, jirekebishe, au ufe. Mnyapara akiwa mbovu, chembe mbovu zinazaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani."

"Na nani alimharibu mnyapara?" Kemuma alichungulia dirishani, upande wa boma la Orpah.

"Hakuna mtu. Inaonekana Manasseh alizaliwa hivyo, na damu ya Linda imeonyesha amerithi. Watoto wake, kila mmoja nusu kwa nusu: arithi au akose. Alfayo alifanana na nani?"

"Na babake. Hata masikio."

"Basi hakurithi masikio peke yake."

Kemuma aliketi kigodani. "Kwa hivyo Linda naye amekwisha."

"Hapana. Kurithi si kufa. Uvimbe bado mdogo. Utolewe sasa, kisha apimwe kila mwaka. Wewe unamngoja Nyangau, mama. Ugonjwa haumngoji."

Kemuma aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo. Halafu akainuka, akaanza kukunja nguo za Linda.

Linda alipasuliwa Jumatatu. Daktari akasema wamewahi, uvimbe wote umetoka. Siku Nyangau alipofika na jembe, alimkuta ameketi jikoni, kidonda kinakauka, anakula ndizi za Orpah. Orpah mwenyewe alikuwa kando yake.

"Kitu bado kimo chini ya kitanda," Nyangau alisema. "Nisipokitoa, ugonjwa utarudi."

Jua lilikuwa kali, naye amevaa koti zito. Kemuma alimtazama.

"Chimba. Ila kwanza vua koti. Na mikono ya shati uikunje, nione kama hicho kitu hukuja nacho."

"Mama, unanishuku mimi?"

"Nimemshuku asiye na kosa mwaka mzima. Wewe nakukagua dakika moja tu."

Nyangau alivuta koti likamkaa vizuri kifuani, akaokota jembe lake, akatoka bila kuchimba.