Turbo Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu haujaondoka mlimani Loleza, Damari alikuwa amekwisha chuchumaa nyuma ya nyumba yao pale Iyunga, akisugua masufuria. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono isiyojua utani. Konzi moja ya majivu, konzi moja ya mchanga laini, gunzi la hindi, basi. Siku moja jogoo wa jirani alijiona ubavuni mwa sufuria, akadhani amevamiwa, akalirukia kwa makucha. Tangu hapo mtaa mzima ulijua kwamba masufuria ya kina Damari hugombana na majogoo.

Jumamosi moja mezani hapakuwa na chai. Palikuwa na turbo, kile kidude mfano wa konokono wa chuma kinachosukuma hewa ndani ya injini ili gari lipande mlima bila kuhema. Turbo ya pikapu yao ilikuwa imechoka. Alhamisi, walipopanda Mlima Nyoka, walitoa moshi wa buluu njia nzima, wakapitwa na mtu anayekokota baiskeli. Akawapungia mkono.

Baba yake, Ambrosi, alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Injini alizijua, ila turbo alikuwa hajawahi kuifungua. Lakini afanyeje? Jumatatu Bibi Marta, mama yake mzazi, alitakiwa hospitalini Iringa kwa upasuaji wa macho. Kijijini kwake Kilolo, mvua ikikolea, basi haliingii, kwa hiyo ilibidi wamfuate kwa pikapu. Miezi mitano alikuwa akiisubiri tarehe hiyo, na macho yalikuwa yamefika pabaya: wiki iliyopita alimkaribisha mbuzi ndani na kumuuliza habari za safari. Mama yake Damari alikuwa ametangulia huko kumtazama.

"Ambrosi, turbo haifunguliwi mezani pa wali," alisema Mzee Isihaka, jirani yao, dereva mstaafu wa malori. Alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe asije akakosa la kuona. "Mimi nimeendesha malori miaka thelathini."

"Na ulitengeneza mangapi, mzee wangu?"

"Kutengeneza ni kazi yenu. Sisi tulipiga honi."

Baba alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. Beringi mpya zilikuwa zimekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, seti moja tu. Zikiharibika, hakuna nyingine kabla ya Jumatatu. Akampa Damari kipande cha kati, chenye vitundu vidogo vya kupitishia oili.

"Kioshe kwa mafuta ya taa na brashi ile laini. Taratibu, mama. Nitakuja kukipuliza mwenyewe."

Damari alisugua, akasugua. Uchafu mweusi uligoma. Yasmini, mjukuu wa Mzee Isihaka, akaja kuchungulia.

"Hee! Hicho ndicho kitakachomfikisha bibi yako Iringa? Mbona kama kimetoka jikoni kwa mchawi?"

Maneno hayo yalimchoma Damari. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachota konzi ya majivu na konzi ya mchanga.

"Baba yako amesema majivu?" aliuliza Yasmini.

"Baba hajawahi kuosha sufuria maishani mwake."

Dakika kumi tu, chuma kikang'aa kama shilingi. Damari akakisuuza, akakiinua juani akifurahi. Hapo ndipo alipoona chembe ya mchanga ndani ya kitundu. Akaichokoa kwa kijiti cha ufagio. Haikutoka. Iliingia ndani zaidi, ikapotea.

Kutoka mezani baba akaita:

"Damari! Lete!"

Akakipeleka, midomo ikiwa mikavu. Baba akakigeuza mara mbili, akakiinua juu Mzee Isihaka akione. "Mwe! Kama kipya! Umeiona mikono ya mwanangu?"

"Mashallah," alisema mzee. "Huyu asiolewe, afungue gereji."

Damari alifungua kinywa. Lakini baba alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Damari akafunga kinywa.

Baba akaanza kuunga: beringi, ringi, shafti, feni, nati. Alipomaliza, Mzee Isihaka aliizungusha feni kwa kidole. "Mbona inakwaruza?"

"Mpya hiyo," baba alijibu haraka kidogo. "Itazoea."

Mchana Damari hakuweza kula. Kila tonge la ugali lilimkwaruza koo kama lina mchanga. Na Mzee Isihaka, ambaye chakula cha watu humfungua ulimi, akaanza hadithi.

"Turbo huzunguka mara laki moja kwa dakika. Chembe moja tu ya mchanga, beringi inaliwa, feni inavunjika, vipande vinaingia kwenye injini. Mwenzangu yalimkuta Igawa. Siku nne alikaa juu ya lori lake kama kuku anayeatamia!"

Watu walicheka. Damari akamwona akilini bibi yake juu ya mzigo, kando ya barabara, akiwasalimia mbuzi.

"Sema," Yasmini alimnong'oneza.

"Labda oili itausukuma utoke."

"Na usipotoka?"

Damari alikusanya sahani. Akaenda kuziosha, safari hii bila mchanga.

Alasiri turbo ilikuwa imeshafungwa kwenye injini. Majirani walikusanyika, wengine kutazama, wengine kungoja kucheka. Baba akaingia kwenye pikapu, akachomeka ufunguo, akafumba macho kidogo kama anayesali.

"Baba, usiwashe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mwenyewe. Damari alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Nilisugua kwa majivu na mchanga. Mchanga umeingia kwenye kitundu. Niliuona. Niliuona, nikanyamaza."

Baba alimtazama, na Damari akaona afadhali angechapwa. Kisha baba akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani.

"Kaa nao. Nikiuhitaji nitakuomba."

Akaifungua turbo yote upya, mbele ya watu, mmoja akimuuliza kama anaipenda sana kazi hiyo. Safari hii Damari alishika brashi laini, na Yasmini akasukuma pampu ya baiskeli mpaka jasho likamtiririka. Baba alitega leso yake nyeupe ya kanisani chini ya vitundu. Chembe ya kwanza ikadondoka. Ya pili. Walipuliza tena na tena, na ilipodondoka ya tatu hata waliokuja kucheka walikuwa wameinama kuhesabu. Kisha leso ikabaki safi. Baba akazikagua beringi juani. Hazikuwa na mkwaruzo.

Kabla jua halijazama, feni iligeuka kwa kidole bila sauti, na baba akanyoosha mkono. "Ufunguo, fundi."

Injini ikakohoa, ikatoa wingu moja, ikatulia. Hapakuwa na moshi wa buluu. Damari alilia mbele za watu, wala hakujali.

Kesho yake walipanda Mlima Nyoka wakiwapita wengine. Mzee Isihaka alikuwa amejialika safari, na kila waliyempita alimpungia mkono kwa niaba ya gari zima.

"Baba, bado umenikasirikia?"

"Ya majivu yameisha. Ya kunyamaza ndiyo yaliyoniuma," alisema baba. Akabadilisha gia. "Lakini na mimi nina langu. Nilisema nitakipuliza. Kilipong'aa nikaacha. Na feni ilipokwaruza nilisikia, nikaogopa kujua. Kwa hiyo tulinyamaza wawili."

Mzee Isihaka akakohoa kwa heshima ya mtu mwenye neno. "Sikilizeni, nyote wawili. Kosa lililosemwa mapema huoshwa kwa mafuta ya taa. Lililofichwa huoshwa kwa injini nzima. Yule wa kwenye lori kule Igawa nilikuwa mimi."

Jumanne, Iringa, daktari alimfungua Bibi Marta bandeji. Bibi alipepesa, akamtazama Damari kwanza, kisha kucha za mwanawe zilizojaa oili.

"Kamwene, mjukuu wangu. Umerefuka," alimsalimia kwa lugha ya kwao. "Na wewe Ambrosi, kwa kucha hizo, ungewaambia wanifungue kesho, ukishanawa."