Kinga ya Gamba la Ng'amba

Kwa nini Mwalimu alinyamaza miezi kumi na mmoja ni jambo ambalo sijapata kulifumbua. Nimewauliza wote waliokuwamo, kila mmoja akanipa jibu lake, na hakuna jibu lililonitosha. Alijua tangu siku ya kwanza. Aliyemkosea alikuwa akimtembelea kila baada ya wiki chache, akimkazia nyuzi za gitaa, akinywa chai yake, akimwita mama. Naye hakusema kitu. Labda alikuwa anasubiri. Labda alikuwa anamwonea huruma. Acha nisimulie ninayoyajua.

Fundi alikuwa na karakana ya magitaa mbele ya nyumba yake. Wateja walimwita Sikio, kwa sababu aliweza kukuambia ni uzi gani umelegea wewe ukiwa bado mlangoni. Palikuwa na chumba kimoja, meza ndefu, na ukuta mzima wa magitaa yaliyoning'inizwa kwa shingo. Mkewe alipokea wateja. Binti yao, wa miaka kumi na tisa, alijifunza kazi asubuhi na kupiga gitaa mchana, na alipiga vizuri kiasi kwamba watu waliokuja kuchukua magitaa yao walikaa chini na kusahau walichokuja kufanya.

Ilianza kwa harufu. Ilikuwa alasiri, jua limejaa chumbani, binti amekaa kwenye kigoda anarudiarudia wimbo ambao angeupiga mbele ya walimu wa chuo cha muziki wiki tatu baadaye. Mama yake akachungulia kutoka ndani, mkono puani.

"Nani anachoma nywele humu?"

"Hakuna anayechoma kitu, mama."

"Basi baba yako kaunguza ndevu. Sikio! Uko salama?"

Fundi alicheka, akajipapasa kidevu, akasema labda msumeno umepata moto. Lakini msumeno haukuwa umewashwa tangu asubuhi, na ile harufu aliijua. Aliijua vizuri, maana aliwahi kuitengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

Karibu miezi kumi na mmoja nyuma, Mwalimu alileta gitaa la marehemu mumewe, la zamani sana, lenye ufa mwembamba mgongoni. Alikuwa amefundisha kuimba mpaka macho yakafifia, na sasa hakuona kabisa. Fundi alilipokea, akalilaza mezani, akainama kutazama kinga: kile kibamba chembamba kinachobandikwa kando ya tundu la gitaa, ili kucha za mpigaji zisichubue mbao. Kinga nyingi ni plastiki yenye madoa ya kuigiza. Hii ilimfanya azime redio.

Mafundi wa magitaa ya zamani wana njia yao ya kupima. Unapasha sindano moto, unaichoma kinga upande wa chini, mahali pasipoonekana, kisha unanusa. Plastiki ya kizamani hunuka kafuri. Hii ilinuka nywele zilizoungua. Lilikuwa gamba la kweli, la ng'amba, yule kasa ambaye watu walimwinda kwa ajili ya mgongo wake mpaka ikabidi biashara ipigwe marufuku. Fundi wa magitaa anaweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kulishika. Alilinyanyua kwenye mwanga: rangi ya asali, na ndani yake mawingu ya kahawia, yenye kina, kana kwamba kuna kitu kimelala humo na kinapumua polepole.

Sitaki kumfanya mwizi wa kuzaliwa. Huyu alikuwa mtu wa kukurudishia skrubu moja iliyobaki, ndani ya bahasha, na jina lako juu yake. Lakini siku ile alijiambia: uzuri wote huu, na mwenyewe haoni. Alijiambia hivyo mara mbili au tatu, kwa sauti ya mtu anayemtetea mwingine. Kisha akachukua kisu chembamba, akalibandua gamba, akaweka plastiki ya kizamani mahali pake. Gamba akalibandika kwenye gitaa alilokuwa anamtengenezea binti yake. Binti alipouliza limetoka wapi, alisema, "Kwenye gitaa lililotupwa." Na binti akamkumbatia.

Baada ya harufu kukaja sauti. Mkwaruzo. Kr, kr, kama kucha juu ya bamba, bila uzi kuguswa. Mara ya kwanza Fundi alidhani ni panya. Mara ya pili gitaa la binti lilikuwa linaning'inia ukutani, mchana kweupe, hakuna mtu karibu nalo, naye akasimama na patasi mkononi akisikiliza ule mkwaruzo ukienda juu na kushuka, juu na kushuka, mpaka magitaa mengine yote ukutani yakaanza kuunguruma kwa nyuzi zao nene, moja baada ya jingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kana kwamba kuna mtu anatembea mbele yake akipitisha kiganja, na yule mtu alipofika mwisho wa ukuta ile harufu ya nywele ilimjia Fundi usoni ikiwa na joto, kama pumzi.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Siku iliyofuata binti alimwonyesha mama yake kitone cheusi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kilikuwa kidogo kama ncha ya sindano.

"Umejichoma?"

"Sijui. Hakiumi."

Baada ya siku nne ngozi iliyokizunguka ilikuwa ngumu. Baada ya wiki ilikuwa inang'aa. Daktari alimpa dawa ya kupaka na kusema ni mzio wa vanishi. Binti alipaka, na lile eneo gumu likapanda, la rangi ya asali lenye mawingu ya kahawia, likauzunguka mkono kama bangili pana, likaanza kushuka kwenye kiganja. Kidole gumba kilikuwa bado kinapinda. Cha shahada kilipinda nusu.

"Siwezi kupiga mkono ukiwa hivi," alimwambia mama yake kwa kunong'ona, kana kwamba kuna anayewasikiliza. "Mama, kikifika vidole vyote?"

Mama yake ndiye aliyemwita mjomba wake mwenyewe. Yule mzee alikuwa fundi saa maisha yake yote, ila watu walimwita pia walipopatwa na mambo yasiyo ya hospitali. Alikuja baada ya chakula cha mchana, akavua viatu, akakaa karibu na kigoda cha binti, akaomba gitaa liwekwe mapajani mwake. Hakuwasha kitu wala kunyunyiza kitu. Aliongea taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Wewe uliye humu, tunakusalimu. Una shida gani na mtoto wetu?"

Kr, kr. Kichwa cha binti kikainama. Alipokiinua, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya karibu mno, kama mtu anayekuongelea ndani ya sikio.

"Nimechomwa."

"Nani kakuchoma?"

"Aliyetaka kujua kama mimi ni wa kweli."

Mke wa Fundi alishika ukingo wa meza. Mjomba hakugeuka. "Na kwa mtoto huyu unataka nini?"

"Nilikuwa na kidole kilichonisikiliza. Nimeondolewa kwake. Basi nachukua mkono."

Hapo mjomba akamtazama Fundi, kwa upole tu. "Mkwe wangu, gamba hili lilitoka wapi?"

Nimefikiri sana juu ya wakati ule. Mlango ulikuwa wazi. Waliokuwamo wote walimpenda. Lilikuwa jambo la kusema kwa pumzi moja. Lakini mkewe alikuwa akimtazama kwa macho ya miaka ishirini na mbili ya kumwamini, na Fundi akasikia mdomo wake ukisema, "Kwenye gitaa lililotupwa."

Ukasikika mlio mdogo, kama kucha ikivunjika. Lile gumu likapanda mpaka kwenye kiwiko, mbele ya macho yao, na binti akazinduka akilia kwa sauti yake mwenyewe.

Mjomba alivaa viatu vyake. "Mimi huzungumza na majini," alisema. "Huyu amesema lake, na sijasikia uongo ndani yake." Akaenda zake.

Mke alimchukua mtoto, akamwingiza ndani, akafunga mlango wa katikati ambao haujawahi kufungwa mchana. Fundi akabaki na magitaa yake. Akalibandua gamba, akalifunga kwenye kitambaa, akachukua mkoba wa vifaa, akaenda kwa Mwalimu.

Hata hapo hakuwa amekata shauri kusema. Njia nzima alikuwa anapanga namna ya kulirudisha kimyakimya, na nadhani wengi wetu tungepanga vivyo hivyo.

"Karibu, Fundi," alisema Mwalimu, akiwa kwenye kiti chake dirishani. "Leo si siku yako."

"Nilikuwa napita, mama. Nikasema nilitazame gitaa."

"Litazame. Macho unayo."

Alipiga magoti sakafuni, akang'oa plastiki, akapaka gundi, akaliweka gamba, akalibonyeza. Alipoachia mkono, likaanguka. Akafuta, akapaka tena. Likaanguka. Mara ya tatu gundi ilikuwa bado mbichi kama maji juu ya mafuta.

"Halishiki?" Mwalimu aliuliza.

"Linashika, mama."

"Nalisikia linavyoanguka, Fundi."

Akabaki amepiga magoti. Mwishowe akasema, akiiambia sakafu, "Mama, nilikuibia. Gamba la gitaa la mzee. Nilikuwekea plastiki."

"Najua. Ulipolirudisha niliegemeza gitaa hapa juani, likanuka kafuri. Gitaa la mume wangu halijawahi kunuka kafuri."

"Ulijua? Na chai ukanipa?"

"Ulikuwa na kiu."

Fundi akamweleza yote: harufu, kitone, mkono wa binti, mjomba, na uongo wa mara ya pili. Mwalimu alisikiliza huku kidole gumba chake kikipapasa hewa, kama kinachotafuta mahali pake.

"Sikiliza," alisema. "Huyo aliyemo humo namfahamu miaka arobaini. Alikuwa rafiki wa mume wangu, kisha akawa wangu. Macho yalipoondoka, nilikuwa nikiweka kidole juu yake, naye ananionyesha. Si vitu vyote. Rangi tu. Mtu akiingia, naona rangi aliyovaa. Siku niliyokukabidhi gitaa ulikuwa na shati la bluu. Ndiyo rangi ya mwisho niliyoiona."

Nasikia mtu anaweza kufa kwa aibu, ingawa sijamwona aliyekufa nayo. Fundi aliniambia kwamba aliomba sakafu ile ifunguke. Alikuwa amejiambia kuwa mwenye gamba haoni, na kumbe aliiba macho yenyewe.

"Nifanye nini, mama?"

"Mkono uliomchoma hawezi kuukubali. Atabandikwa na mkono anaoudai. Mlete binti. Ila asivuke kizingiti changu kabla hujamwambia, wewe, kwa mdomo wako. Usimtume mama yake."

Alimwambia nje ya lango, jua likiwaka, jirani akianika nguo hatua chache kutoka pale. Mke alisimama pembeni na hakumsaidia hata neno moja. Binti alisikiliza, ameukumbatia mkono wake mgumu kama mtu aliyebeba kitu cha mwingine.

"Mwenyewe haoni?"

"Haoni."

"Kwa hiyo ulimchagua kwa sababu haoni."

"Ndiyo," alisema Fundi.

Binti akaingia. Fundi aliitwa na Mwalimu aingie pia, ila akabaki mlangoni na mkoba wake. Binti akapaka gundi kwa mkono wa kushoto, kisha akaweka kiganja chake cha kulia juu ya gamba, na kwa muda mrefu chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua, na nyuzi zikaunguruma zenyewe, na lile gumu likaanza kupasuka kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, vipande vyembamba vikidondoka sakafuni na kugeuka vumbi kabla mama mtu hajaviokota, mpaka ngozi ikabaki nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga. Harufu ikakatika ghafla. Gamba lilikuwa limeshika.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba. Akatabasamu.

"Gauni la njano," akamwambia binti. "Na mama yako amejifunga kijani. Baba yako ameondoka?"

"Hapana, mwalimu. Yuko mlangoni."

Mwalimu akageuzia uso mlangoni, akabonyeza kidole kwa nguvu zaidi.

"Hapo hanionyeshi kitu," alisema.

Ikaamuliwa papo hapo, na hakuna aliyepinga, kwamba Sikio asiliguse tena gitaa lile. Binti akainuka, akaenda mlangoni, akachukua mkoba wa vifaa kutoka mkononi mwa baba yake bila kumtazama, akarudi kukaa kando ya kiti cha Mwalimu, na kuanza kukaza nyuzi.