Shingo ya Konstebo Gidudu

Jumapili moja ya Agosti 1996, asubuhi, kijana Konstebo Gidudu alikutwa chumbani kwake Malukhu, Mbale, shingo imepinda, taya limekaza, macho yameganda darini. Majirani walimkimbiza hospitali, kisha wakamzingira Mastula, muuza pilau.

"Kamtilia sumu katika pilau ya jana!" alisema jirani Geresom. "Juzi Gidudu alisema pilau yake ina mawe."

"Ningemwongezea mawe, si sumu," alijibu Mastula. Walitaka ahame mtaani kabla ya jua kutua.

Sajenti Aber, mkuu wa Gidudu kazini, alipofika alimpa Mastula kiti kwanza, na maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Nani mwingine alikula pilau ya jana?"

"Mtaa mzima, afande," alisema Mastula. "Geresom aliongeza sahani."

Geresom akatazama viatu vyake.

Chumbani kwa Gidudu, Aber aliinama. Chini ya kitanda kulikuwa na miba ya samaki inayonuka. Juu ya kiti, vikaratasi vitatu vitupu vya vidonge.

"Nani alikuja kumwona mgonjwa jana usiku?" aliuliza.

"Mimi," alisema Geresom. "Alikuwa anatapika. Utaendaje kwa mgonjwa mikono mitupu? Nilimpa vidonge vya kuzuia kutapika."

"Nami," alisema mkewe Nabirye. "Vyangu vya manjano."

Mastula akainua kidole polepole. "Vyangu vidogo."

Aber akavichukua vikaratasi, akaenda hospitali.

Hospitalini, daktari alikuwa ameshamdunga sindano. Shingo ilikuwa inarudi mahali pake.

"Konstebo, ulimeza vya nani?" aliuliza Aber.

"Vya wote, afande. Rangi tofauti, nikadhani kazi tofauti. Tena Nabirye alikaa akinitazama kwa huruma. Nimrudishie vipi?"

"Vyote ni dawa moja," alisema daktari, akitazama vikaratasi. "Ikizidi hukaza misuli hivi. Hata kwa kipimo cha kawaida huwapata wengine, hasa vijana. Kabla ya kumeza dawa, muulize mhudumu wa afya, mwambie ulichokwisha meza. Tena haiponyi kilicholeta kutapika. Changanya pakiti ya chumvi na sukari ya hospitali kwenye maji safi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye matapishi, au tumbo likikaza, njoo upesi."

"Na kilicholeta kutapika ni samaki," alisema Aber. "Wa wapi?"

Gidudu akafumba macho. "Wa Jinja. Alishinda juani njiani. Nilimficha nisigawe."

"Na ukaacha Mastula afukuzwe?"

"Taya lilikuwa limekaza, afande!"

"Sasa limefunguka. Twende."

Jioni, majirani wote wakitazama, Gidudu alisimama mlangoni kwa Mastula, kichwa bado kimelalia bega.

"Mama, huna kosa. Kosa ni langu na samaki wangu."

"Sema kwa nguvu," alisema Mastula. "Geresom ana masikio mazito leo."

Gidudu akarudia kwa sauti ya gwaride. Geresom akavua kofia, akasema, "Nimesikia, mama. Nisamehe."